Bondi ya Mama Sam

Jumatatu, 3 Februari

Nimesahihisha kazi ya kidato cha nne mpaka shingo imekauka. Wote wamekosa pale pale. Atomu mbili zilizoshikana zikitenganishwa, nguvu inatoka au inahitajika? Darasa zima limeandika inatoka. Wanadhani bondi ni puto, ukilitoboa linalipuka. Nimewaandikia kwa wino mwekundu: kutenganisha kunataka nguvu, kushikana ndiko kunakotoa joto. Kesho watakosea tena. Nawajua.

Chai kavu leo. Muuza maziwa hakuja. Nadhani yangu amempa jirani wa juu, yule anayelipa mapema.

Mama Sam hajapiga simu. Alisema Jumatatu asubuhi. Hii ni jioni.

Jumatano, 5 Februari

Niandike mambo yalivyo, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Chama chetu ni wanawake kumi. Watano upande wa Kenya, watano upande wa Uganda. Miaka tisa sasa. Hatujakisajili popote, ni cha kuaminiana. Pesa zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili anao Mama Hadija, mwenye duka la unga hapa Busia, tunakokutana. Wa tatu Mama Sam, anayeuza karanga na simsim kule soko la Sofia, ng'ambo Uganda. Sanduku halifunguki mpaka tuwe sote watatu. Lengo letu ni moja tu: kununua ploti tujenge ghala. Wenzangu wana magunia ya kuweka. Mimi sina gunia hata moja, mimi ni mwalimu wa kemia, lakini ghala lina kodi na kodi ndiyo itakayonilisha nikistaafu. Kila nilichoweka akiba maishani kilikuwa ndani ya chuma kile.

Desemba Mama Sam akaleta wazo. Pesa kulala ndani ya sanduku ni ujinga, alisema. Serikali ya Uganda inauza hati fungani. Watu wa hapa wanaita bondi. Unaikopesha serikali miaka miwili, inakulipa riba kila miezi sita, mwisho inakurudishia pesa yako yote. Ni kweli, iko hivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaelezea wengine kwa chaki, nyuma ya mlango wa duka.

Mama Hadija alikataa kwanza. Kwake bondi ni ile ya forodha. Wakala anaweka dhamana ili lori lipite na mzigo ambao haujalipiwa ushuru, mzigo ukipotea njiani wewe ndiye wa kutafutwa. Mumewe ana malori. Moja liliwahi kulala mpakani Malaba kwa mambo hayo mpaka dereva akaishiwa na sabuni ya kuogea. Nikamwambia hii ni nyingine kabisa. Hapa anayedaiwa ni serikali. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Serikali idaiwe na mimi? Wallahi, hiyo naitaka."

Chama kisichosajiliwa hakiwezi kununua kwa jina lake. Lazima anunue mtu mmoja mwenye kitambulisho cha Uganda na akaunti ya benki. Mama Sam ana akaunti Tororo. Wa kwanza kuinua mkono kukubali nilikuwa mimi. Tukafungua kufuli tatu. Mwezi uliopita akaondoka na pesa zote, chini ya simsim ndani ya gunia, juu ya boda.

Alisema benki itampa karatasi. Karatasi hiyo sijaiona.

Jumamosi, 8 Februari

Mkutano. Tunakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mama Sam alikuja wa mwisho. Eti simu ilianguka kwenye beseni la maji, ujumbe wa benki ukapotea humo. Eti karatasi ataleta mwezi ujao. Wenzangu wakaitikia na kuendelea na mandazi. Kumi sisi, na mwenye macho ni mmoja.

Sina haya kusema: mimi ni mtu wa kushuku. Sukari ya dukani naipima tena nyumbani. Lakini mara ngapi nimekuta imepunjwa!

Aliona ninavyomwangalia. Akacheka na pengo lake, akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo: "Mwalimu, leo macho yako nakula mimi. Wewe iko kama askari wa forodha."

Nikacheka pia. Sikupenda.

Jumanne, 11 Februari

Kidato cha pili leo. Sodiamu na klorini. Mmoja anatoa elektroni, mwenzake anapokea, na kuanzia hapo hawaachani kirahisi. Msichana wa dirishani akanyoosha kidole. Mwalimu, anayetoa anajuaje kwamba hatapata hasara?

Nikamwambia atomu hazijui kitu. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja jibu. Nikageukia ubao.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Hadija amenipigia wakati wa mapumziko. Dereva wa mumewe amemwona Mama Sam kwenye barabara ya Paya, amesimama kando ya lori lililojaa mabati. Mabati mapya, yanang'aa. Paya ndiko alikozaliwa. Alikuwa anaelekeza watu wa kushusha.

Mama Hadija anasema huenda si kitu. Nikamuuliza: muuza simsim anatoa wapi mabati mwezi huu, mavuno yako wapi? Akasema, "Usinitie maneno kichwani, Mwalimu." Basi yameshaingia.

Nimejaribu kusahihisha. Nimeshindwa.

Jumapili, 16 Februari

Sikutaka kuandika hili lakini bila hili ningejidanganya. Mama Sam ni rafiki yangu. Si wa chama tu. Tumejuana kabla ya chama, tangu nilipohamishiwa shule hii na yeye ameanza kuvusha simsim, hana hata meza, anauzia chini. Mwaka nilipolazwa hospitali, mume wangu alituma salamu kutoka Nakuru. Mama Sam alilala sakafuni kando ya kitanda changu na akanifulia nguo za ndani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunifulia tangu mama yangu afariki.

Ndiyo maana nina hasira hivi. Mwizi nisiyemjua ningemwendea polisi na kulala usingizi.

Jumatano, 19 Februari

Nimekuwa nikiwaza juu ya Sam.

Sijawahi kumwona. Miaka yote hii. Nilipojuana na mama yake alikuwa anaanza kutembea, amebaki kwa bibi yake mzaa baba kule Kisoko. Baadaye nikauliza, ameanza shule. Baadaye, anapenda mpira. Sasa eti yuko sekondari, mwaka wa tatu. Kila likizo namwambia amlete nimfundishe kemia bure. Kila likizo Sam ana kazi shambani, Sam ana homa, Sam yuko kwa shangazi. Karatasi za marudio ninazompa anachukua. Anazikunja vizuri, anaziweka kifuani. "Nampelekea," anasema.

Mtoto wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kuvuka mpaka hata kununua viatu? Busia hii, ambapo watoto wanavuka kununua chapati?

Nimempigia kumuuliza juu ya karatasi ya benki. Simu imezimwa.

Jumamosi, 22 Februari

Nimevuka. Kibanda chake Sofia kimefungwa. Turubai limefungwa kwa kamba, mafundo mengi. Jirani yake muuza dagaa anasema, "Iko nyumbani. Nakwenda tangu Jumatatu." Atarudi lini? Hajui. Amesema nini? Hajasema kitu.

Tangu Jumatatu. Na simu imezimwa. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejumlisha.

Nimesimama pale katikati ya soko. Nikanunua dagaa nisizozitaka. Kesho naenda Kisoko, kanisa litanisamehe.

Jumapili, 23 Februari

Nimerudi. Niandike kwa mpangilio.

Nilishuka Tororo, nikachukua boda mpaka Kisoko. Kituoni pale penye maduka nikauliza nyumbani kwa Mama Sam. Mwenye duka akaniuliza Sam gani. Nikasema Mama Sam wa simsim. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine. Hakuna anayemjua. Nikaona labda hawanisikii Kiswahili changu, nikapaza sauti. Mama Sam! Mama yake Sam! Wanawake waliokuwa wanatoka kanisani wakasimama kuniangalia. Mmoja, mzee, akageuka akaondoka upesi.

Ni yule wa boda aliyenitoa gizani. "Ile mrefu ya Busia? Iko na pengo hapa? Aa, huyo Athieno. Mke ya Okoth. Sasa Sam wapi? Pale kwa Okoth ni wasichana tu. Wanne."

Wasichana tu. Nikamuuliza mara mbili. Akaapa.

Akaniuliza kama anipeleke nyumbani kwake, si mbali. Nikasema hapana, nirudishe Tororo. Nilishapata nilichokifuata.

Hakuna Sam. Miaka yote hiyo hakuna Sam! Ameanza shule, mpira, homa, mwaka wa tatu, yote uongo mtupu, na mimi nikimchapia karatasi za marudio kwa wino wangu mwenyewe. Anayeweza kubuni mtoto na kumlea kwa mdomo tu, bondi itamshinda?

Athieno. Hata jina lake sikuwa nalijua. Kwenye daftari la chama nimeandika Mama Sam kwa mkono wangu, mimi katibu, msomi. Nani mpakani anayeandika jina la mtu? Wote ni Mama Fulani. Tumempa kila kitu mtu asiye na jina.

Jumatatu, 24 Februari

Nimewaambia wote. Mmoja mmoja, kwa simu, kati ya vipindi. Sikuongeza chumvi. Haikuhitajika.

Mama Hadija peke yake ndiye aliyesema tungoje. "Mwache aje aseme mwenyewe. Mtu hahukumiwi akiwa hayupo." Nikamwambia wewe ndiye uliyeniletea habari ya mabati. Akasema, "Nililetea habari. Sikuleta hukumu." Tumekata simu vibaya.

Wa upande wa Uganda hawakungoja. Jioni nimesikia wamekwenda kwa mwenyekiti wa soko na kibanda chake kimefungwa kwa mnyororo. Magunia yake yako ndani.

Vizuri.

Ijumaa, 28 Februari

Mama Sam amerudi Sofia, amekuta mnyororo. Watu wanasema hakupiga kelele. Aliketi juu ya ndoo mbele ya kibanda chake mpaka soko likafungwa, kisha akaenda zake. Amemtumia Mama Hadija ujumbe kwa simu ya mtu: atakuja mkutanoni, siku yake, kama kawaida.

Mimi hakunitumia kitu. Anajua ni nani aliyemgundua.

Jumatatu, 3 Machi

Sili vizuri. Nikiona mwanafunzi ananong'ona nadhani anasema juu yangu. Mwalimu aliyeibiwa na muuza simsim.

Nimeandaa maswali ya Jumamosi kama ninavyoandaa mtihani. Moja, karatasi iko wapi. Mbili, mabati ni ya nani. Tatu, Sam ni nani. La tatu ndilo litakalommaliza. Nimelipanga mwisho makusudi.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja.

Alivaa gomesi ya kijani, ile ya harusi na sherehe, mkanda umefungwa sawasawa. Mama Hadija yuko kwenye mfungo lakini alitupikia chai, na yeye akakaa pembeni bila kitu. Hakuna aliyegusa kikombe.

Mama Sam hakusalimia. Alitoa karatasi kwenye mkoba akaiweka juu ya mkeka. Karatasi ya benki, ina muhuri. Jina: Athieno Gertrude. Kiasi ni chetu chote, hakuna kilichopungua. Bondi ilinunuliwa siku ile ile aliyosema. Tukaipitisha kutoka mkono hadi mkono. Mimi niliisoma, nikaigeuza, nikaisoma tena dhidi ya mwanga wa mlango, nikitafuta kasoro. Hakuna kasoro.

Akasema simu iliharibika kweli, ndiyo maana alikwenda Tororo mwenyewe kuiomba benki karatasi, akangojeshwa siku nyingi, na huku mtoto wake mdogo alikuwa na malaria. Mabati ni ya kaka yake. Kaka yake anaezeka, yeye alikwenda kusimamia kushusha kwa sababu kaka yake ana mguu mbovu. Basi.

Wenzangu wakaanza kupumua. Mmoja akacheka kwa aibu. Mmoja akasema tuombe. Pesa ipo, yote ipo. Yameisha, ningeyaacha hapo. Lakini mimi nilikuwa bado na swali la tatu, na nilikuwa nimeonekana mjinga mbele ya watu. Nilitaka kushinda hata kwa kidogo.

Nikasema, haya, bondi ipo. Na Sam? Sam yuko wapi? Nimefika Kisoko, hakuna Sam.

Akaniangalia. Alikuwa mtulivu, na hilo ndilo lililonitisha. Akajibu polepole, na nataka niandike alivyosema, nisiharibu.

"Sam iko nyumbani. Iko nyuma ya jiko. Surua nakamata yeye na miaka mbili. Ile mwaka mimi naanza kuleta simsim, alikuwa mzima, nyinyi mnaanza kuita mimi Mama Sam. Nakwenda kuzika. Narudi, nyinyi bado naita. Nyumbani hakuna mtu nasema hiyo jina, mama yake Okoth nalia akisikia. Ni hapa tu. Hapa kila mtu, Mama Sam, Mama Sam, habari ya Sam. Wewe Mwalimu nauliza, Sam iko darasa gani? Mimi nahesabu, nakujibu. Hapa kwa mpaka, mtoto yangu alikuwa anakua."

Mama Hadija aliweka kiganja mdomoni.

Akaendelea. "Sasa wewe nakwenda Kisoko Jumapili, nasimama kwa maduka, naita yeye kwa nguvu. Mama yake Okoth alikuwa natoka kanisa. Yeye nasikia."

Yule mzee aliyegeuka.

Akachukua karatasi yake, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba. Akainuka. Akawaambia wenzangu, si mimi, kwamba jina lake ni Athieno, na kuanzia leo waite hivyo. Akatoka.

Nimekuja nyumbani na viatu bado viko miguuni.

Jumapili, 9 Machi

Nimelia. Sijui nililia juu ya mtoto au juu yangu.

Mwenye duka, yule wa boda, wanawake wale wote. Nilipaza sauti. Nilidhani hawanisikii.

Jumatano, 12 Machi

Nimevuka kwenda kumwomba radhi. Nilibeba sukari na mkate, kama mtu anayekwenda kwa wagonjwa. Kibanda kimefunguliwa, mnyororo umeondolewa. Mwenyekiti wa soko amemwomba msamaha, na wale wanne wa Uganda wamemwomba msamaha, mmoja alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Amewasamehe. Muuza dagaa ndiye aliyeniambia.

Nilisimama mbele ya meza yake. Akaniuliza kilo ngapi. Nikasema sikuja kununua. Akasema, "Hapa nauza." Nikasema kilo moja. Akanipimia. Hakuzidisha hata punje, yeye ambaye tangu tujuane alikuwa ananijazia mpaka mfuko haufungiki. Nikasema nisamehe. Nilisema vizuri, kwa sauti, na watu wakisikia. Akafunga mfuko wa simsim kwa fundo.

"Ungekuja nyumbani," akasema. "Ile siku ya Jumapili. Boda alikuwa naleta wewe, mita kidogo tu. Ungeuliza mimi. Ningekuonyesha."

Sukari na mkate hakuvipokea.

Alhamisi, 13 Machi

Jambo jingine nimelijua leo kwa Mama Hadija. Zile karatasi za marudio hazikutupwa. Binti mkubwa wa Athieno alizifanya zote, mwaka baada ya mwaka. Sasa anachukua kemia. Ni wa kwanza darasani.

Sikujua kuna binti anayesoma kemia. Sikuwahi kuuliza juu ya binti.

Jumamosi, 15 Machi

Kikao cha dharura. Baadhi walitaka kuvunja chama, tuiuze bondi, kila mtu achukue chake, tusahau. Wanasema mambo yameingia nyongo. Kwa kweli hawataki kutazamana machoni.

Athieno hakuja lakini alikuwa amekwenda benki kuuliza kwa niaba yetu. Alimpa Mama Hadija jibu. Bondi inaweza kuuzwa kabla ya wakati, lakini sasa hivi bei iko chini, tutapata hasara kubwa. Yeye anashauri tungoje iive. Riba ikiingia ataileta mwenyewe, mkononi kwa kila mtu, kila miezi sita mpaka iishe. Baada ya hapo yeye hayumo.

Wamekubali. Hesabu imewashinda hasira.

Kwa hiyo hakuna mkutano wa kila mwezi tena. Sanduku limebaki dukani kwa Mama Hadija, tupu, anaweka vitunguu.

Jumanne, 18 Machi

Mtihani wa katikati ya muhula. Nimezunguka darasani nikiangalia vichwa vimeinama. Nimewaza mambo ya ajabu. Bondi ya forodha ni ya watu wasioaminiana, ndiyo maana inadai dhamana kabla hujatembea hatua. Ile ya serikali unaamini muhuri, humjui hata mtu mmoja aliyeshika pesa yako. Zile za atomu hakuna anayemwamini mwenzake wala kumshuku, zinavutana tu na kushikana. Mimi rafiki nilikuwa naye wa aina hiyo ya mwisho, nikamfanyia ya kwanza. Nikamdai dhamana.

Mwalimu msimamizi mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema meno.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mume wangu amekuja, amekaa siku mbili, ameondoka. Aliuliza, "Rafiki yako wa simsim hajambo?" Nikasema hajambo. Simsim ya siku ile bado iko kabatini, fundo lake sijalifungua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekutana naye mpakani, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Alikuwa na msichana mrefu, bila shaka yule mkubwa. Nikasimama. Yeye hakusimama, lakini hakuinamisha kichwa pia. "Mwalimu, habari ya leo." Hivyo hivyo anavyowasalimia maafisa. Msichana akageuka kuniangalia mara mbili. Sijui ameambiwa nini juu yangu.

Zamani angeniita wewe mwanamke, angenivuta mkoba.

Jumamosi, 9 Agosti

Riba imeingia. Tumekutana kwa Mama Hadija baada ya miezi yote hii, wote kumi.

Alikuja mapema kuliko wote. Alikuwa ametenga ya kila mtu kwenye karatasi yake. Akatuita mmoja mmoja. Wenzangu wanamwita Athieno sasa, wanajikwaa, wanacheka. Mama Hadija alimwomba ruhusa mbele ya watu: yeye ulimi wake umezeeka, aendelee kusema Mama Sam? Athieno akasema ndiyo, wewe endelea. Mama Hadija akamwita hivyo hapo hapo, kwa sauti ndogo, akamwuliza habari ya wasichana, wote wanne, kwa majina.

Mimi sikuomba. Sina uso wa kuomba. Simwiti chochote. Nasema "samahani" au nakohoa.

Zamu yangu ilipofika akaniwekea mkononi akasema, "Hesabu." Nikasema haina haja. Akasema, "Hesabu, Mwalimu." Nikahesabu, mbele yake, noti moja baada ya nyingine. Ilikuwa sawa. Akaitikia kwa kichwa.

Nilidhani ataondoka. Alikunywa chai. Tuliketi mkeka mmoja, kati yetu sahani ya mandazi. Nilimwuliza kama mvua imefika Kisoko. Akasema imefika. Nikasema huku bado. Akasema itakuja.

Mlangoni akavaa viatu, akafunga mkoba. "Imebaki mara tatu," akasema, akaenda.

Nimebaki nikamsaidia Mama Hadija kuosha vikombe. Mara tatu zaidi lazima aje aketi na mimi. Ya mbele ni Januari, na mvua nimeshaiuliza, itabidi nitafute swali jingine.